Mama Amegeuzwa Ukutani

Lori lilikuwa limeshapita kanisa na kuanza kushuka kuelekea mtoni, nami nalikimbiza, fimbo mkono mmoja, kofia mkono wa pili. Mtu wa miaka sabini na nne hakimbii, jamani. Anatikisika palepale huku watu wakimwonea huruma.

"Simameni!" nikapiga kelele. "Bado moja!"

Lori likapunguza mwendo. Bi Ruybal, yule binti wa makumbusho ya Santa Fe, akatoa kichwa dirishani.

"Umeipata, mzee?"

"Sijaipata."

"Sasa unatusimamishia nini?"

Nilijua tu kwamba vumbi la lori likishatua, hakuna mtu Ojo Sordo atakayejisumbua tena kuitafuta.

"Ijumaa narudi," akasema. "Serikali ilitoa picha tisa kwa kijiji hiki, nami nimebeba nane. Nikirudi nisiione ya tisa nitakuja na askari wa wilaya, na mimi hayo mambo siyapendi."

Lori likaenda zake. Wanawake wakaliaga kwa leso kama linabeba maiti.

Kwa wewe uliyewashia jiko gazeti la wiki jana kabla hujafika ukurasa wangu, nisikuchoshe. Naitwa Tranquilino Archibeque, Lino kwa kila mtu. Mama yangu Senaida alifariki kabla sijajua kumwita, na hakupata kupigwa picha hata moja maishani. Baba alinibeba akaenda kunilea kwenye kambi za kondoo kule Wyoming, na baba yangu maneno yake ya mwaka mzima ungeyatia kwenye kiberiti. Nimezeeka ndipo shangazi yangu, akiwa kitandani anakata roho, akaniambia kwamba mama alichorwa.

Ilikuwa ile miaka ya dhiki kuu. Serikali iliwalipa wasio na kazi wajenge barabara na madaraja, na wachoraji nao ikawalipa wachore. Mmoja akaletwa Ojo Sordo. Akala maharage yetu majira ya baridi mazima, akaacha picha tisa kwenye ukuta wa shule. Moja ni ya mama, na ndoo zake mbili za maji.

Nikarudi kijijini wakati wa mahindi mabichi, nikaanza kuusaka ufunguo wa ile shule ya zamani. Kwetu ufunguo huo haukai ofisini. Kila mwaka hukabidhiwa mtu na mkewe, kama wa kanisa, na huwezi kuuomba kabla hujakaa ukala. Nyumba moja ikinituma nyingine, nikala mpaka mkanda ukakosa tundu. Hatimaye mlango ulifunguliwa kwa ajili ya Bi Ruybal na lori lake, maana paa linavuja, na serikali, ambayo bado ndiyo mwenye picha, inataka zisafishwe zionwe na watu wote.

Nikaingia nimevua kofia. Ukutani picha nane, mama hayumo, na msumari mtupu. Bi Ruybal akauliza ya tisa iko wapi, na kijiji kizima kikatazama dari.

Hapo ndipo tulipoachana wiki jana.

Lori lilipopotea, nikaenda moja kwa moja kwa binamu yangu Abenicio. Yeye na mkewe Ramoncita ndio waliokuwa washika ufunguo mwaka ule.

"Binamu, mama yangu yuko wapi?"

Abenicio akatazama mlango, akamtazama mkewe, akaitazama supu yake.

"Yuko kifungoni."

"Mama yangu?"

"Kosa ni lake. Aliombwa kitu akazembea."

"Picha inaombwaje kitu?"

"Ndiyo shida ya kulelewa na kondoo," akasema. "Sikiliza. Mwaka mmoja wa ukame, San Isidro wetu, yule mtakatifu wa wakulima, sanamu yake ilikuwa kwa fundi, mkono umekatika. Sasa tumtembeze nani mashambani atuombee mvua? Wazee wakasema, si yupo yule mama wa shuleni mwenye ndoo mbili za maji? Wakambeba. Hawajafika hata shamba la tatu, mvua hiyo!"

"Kwa hiyo mkamfanya mtakatifu."

"Padre alikataa," akasema Ramoncita. "Lakini padre alikuwa anakuja mara moja kwa mwezi. Mama wa Ndoo yuko nasi kila siku."

Mengine nikayajua bila kuambiwa. Mtakatifu akiombwa jambo asitoe, hugeuzwa uso ukutani apate haya. Akizidi ukaidi, hutiwa kashani na kufungiwa humo mpaka atoe. Hata baba, na ububu wake wote, alikuwa akimtumbukiza San Antonio wake mdogo wa mti kwenye gunia la shayiri kila kondoo alipopotea.

"Nani kamfunga?"

"Aliyeomba."

"Aliomba nini?"

Ramoncita akagonga mwiko kwenye sufuria. "Hapo ndipo hapaulizwi! Mtu haulizwi aliomba nini. Ni sawa na kumuuliza uzito wake."

"Basi kafungwa tangu lini?"

"Mimi naolewa hapa, ule msumari ni mtupu. Na hakuna aliyeuliza hata siku moja. Uone adabu ya watu wa kijiji hiki."

"Adabu gani, Ramoncita? Ijumaa wanaleta askari!"

Abenicio akafuta mdomo taratibu. "Mimi sisemi kitu. Nauliza tu habari za chakula. Tangu urudi umekula nyumba zote?"

"Zote."

"Zote, binamu?"

Nikaanza kupita nyumba moja moja kichwani. Nikafika ya mwisho, ile ya kando ya mfereji.

"Isipokuwa kwa Eufelia Maestas. Yule akiniona hufunga dirisha."

"Abenicio!" akafoka Ramoncita.

"Nimesema nini? Nimeuliza habari za chakula."

Eufelia nilimkuta barazani anatunga pilipili nyekundu kwenye uzi. Mwanamke wa umri wangu au pungufu kidogo, mgongo umenyooka kama nguzo.

"Hodi."

"Nani?" akauliza, na huku ananitazama.

"Lino Archibeque."

"Simjui. Aliyekuwa na jina hilo alikuwa na nywele."

Nikavaa kofia.

"Naomba kukaa, Bi Eufelia."

"Kaa hapo kwenye kasha. Viti ni vya walioalikwa." Akanirushia sindano na fungu la pilipili. "Mikono isikae bure. Na usijiguse macho."

Nikajigusa macho. Nikalia pale kama nimefiwa, yeye anaendelea kutunga.

"Ulikuwa wapi miaka yote?" akauliza.

"Wyoming. Montana. Viazi vya sukari Colorado. Migodini kidogo. Melini kidogo."

"Na kote huko hakuna stempu?"

"Stempu za kumwandikia nani?"

Sindano yake ikasimama. Nikaona nimekanyaga kitu, ila sikujua nimekanyaga nini.

"Kwani tulikuwa tunajuana?" nikauliza. Wasomaji, kama kuna shimo barabarani, mimi nitashuka kwenye baiskeli nilitafute.

"Sikukuu ya San Juan," akasema. "Dansi ilikuwa humo humo shuleni, taa moja tu, picha hata hazionekani. Ulikuwa umekuja kukata manyoya ya kondoo. Ulicheza na mimi ile dansi ya taratibu mwanzo hadi mwisho, ukaniambia maneno. Kesho yake ukaondoka."

"Maneno gani?"

"Umeyasahau wewe, nikukumbushe mimi?"

Nisiwafiche. Sikukumbuka maneno, wala dansi. Kondoo nakumbuka.

"Nakumbuka sana," nikasema.

"Nilivaa rangi gani?"

"Bluu."

"Njano," akasema, akachoma pilipili nyingine.

Nikaona kuzungukazunguka hakunifai, nikasema la moyoni.

"Bi Eufelia, mimi uso wa mama siujui. Nimekuwa nikijitazama kwenye maji ya kunyweshea farasi, najaribu kuiondoa pua ya baba nione kinachobaki. Nataka kumwona mara moja tu. Ijumaa ama wanampata wanampeleka, ama hawampati kabisa, na kwa vyovyote mimi nakosa."

Akaichomeka sindano kwenye pilipili. Kisha akasema, "Simama."

"Nimefanya nini tena?"

"Simama, we mwanaume. Umemkalia."

Niliruka kama nimekalia jiko. Lilikuwa kasha la msonobari, limechakaa pembe, na kufuli kubwa mbele.

"Fungua!"

"Siwezi."

"Ufunguo umepotea?"

"Ninao shingoni. Lakini aliyefungwa hatoki mpaka ombi lijibiwe. Nikimtoa leo, watu watajua limejibiwa. Wakijua limejibiwa, watajua lilikuwa ombi gani. Nimeishi na watu hawa maisha yangu yote, Lino, hawajapata hata siku moja ya kunicheka."

"Sasa limejibiwa au halijajibiwa?"

Akanitazama kuanzia kofia hadi buti, akarudi tena juu.

"Nusu," akasema.

Ijumaa ikafika. Bi Ruybal akarudi na lori, na nyuma yake askari wa wilaya, Garduño, mtu mnene ambaye tangu ashuke kwenye gari alikuwa ananusa jiko la Ramoncita. Tukakusanyika wote kwenye chumba cha shule. Misumari tisa, hakuna hata picha moja.

Bi Ruybal akauliza mmoja mmoja. Mmoja mmoja akatazama dari. Kisha akasimama mbele yangu.

"Mzee Lino, wewe ndiye ulikuwa unakimbiza lori. Unajua iliko?"

Sasa nifikirie hapo. Neno moja tu, na kabla chai haijapoa ningekuwa namtazama mama usoni. Nimetembea nchi ngapi kwa ajili ya neno hilo? Na kule nyuma, karibu na mlango, pale ambapo Eufelia Maestas huwa anasimama kwenye kila mkutano, palikuwa patupu.

"Sijui," nikasema.

"Nitazame useme hujui."

"Siwezi kukutazama, mwanangu. Macho yameingia pilipili."

Mnong'ono ukapita chumbani. Msimu ule waliokuwa wanatunga pilipili walikuwa wachache, na wote walijulikana.

"Basi," akasema Garduño, anapandisha mkanda, "tunaanza kupekua nyumba."

"Msipekue nyumba za watu," ikasikika sauti mlangoni. "Mtakutana na vumbi la Ramoncita."

"Vumbi langu lina nini?" akauliza Ramoncita.

Eufelia alikuwa anaingia na toroli la shambani, na ndani ya toroli, lile kasha. Alikuwa amelisukuma peke yake tangu mferejini. Amevaa gauni la njano.

Akalitua katikati ya chumba, akasimama anahema.

"Bibi," akasema Bi Ruybal polepole, "mali ya serikali ilikuwa inafanya nini kashani?"

"Ilikuwa inatumikia kifungo."

Nikangoja yule binti wa Santa Fe acheke, au atoe karatasi. Akakuna shavu.

"Nyanya yangu alimtia San Antonio kwenye jokofu," akasema. "Kwa ajili ya shangazi."

"Akaolewa?" wakauliza wanawake kwa pamoja.

"Mara tatu. Nyanya alisahau kumtoa."

Kicheko hicho! Hata Garduño alishika tumbo. Kilipotulia, Bi Ruybal akauliza lile ambalo mtu wa kwetu asingethubutu.

"Basi, Bibi, kabla hatujafungua. Ombi lilijibiwa?"

Wanawake wa nyuma wakasogea mbele.

"Lilijibiwa," akasema Eufelia.

"Lini?"

"Wakati wa mahindi mabichi."

Nikawaona wanapiga hesabu. Wakati wa mahindi mabichi nani alikufa, nani alizaa, nani alikuja. Kisha vichwa vikaanza kunigeukia, kimoja, kingine, kingine, kama ng'ombe waliosikia lango likifunguliwa. Ramoncita akaziba mdomo kwa aproni.

"Ndiyo," Eufelia akawaambia, kidevu juu. "Niliomba arudi. Sikuomba arudi kipara. Ila habari za nywele sikuzitaja, kwa hiyo hapo kosa ni langu." Akavua kamba shingoni, akanipa ufunguo mbele ya wote. "Haya. Mama yako ametumikia. Mtoe."

Kufuli lilikuwa gumu. Abenicio akataka kunisaidia, mkewe akamvuta shati.

Juu palikuwa na blanketi la sufu, na majani makavu ya mnanaa ya kufukuza nondo. Chini yake, fremu, imelala kifudifudi kama Eufelia alivyoiweka akiwa msichana. Bi Ruybal akanipa glavu zake. Hazikunipita vidoleni. Nikaigeuza hivyo hivyo.

Nilikuwa nimejiandaa kumwona mama. Nikakuta binti. Miaka ishirini, kama imefika. Ametoka mtoni, ndoo moja ameitua na maji yamemmwagikia mguu, naye anamcheka yule anayemchora, mdomo wazi, bila haya. Angeweza kuwa mjukuu wangu. Ningemkuta njiani ningemwambia mwanangu, lete nikusaidie.

Na pua. Ile pua niliyokuwa naiondoa majini miaka yote kwa kudhani ni ya baba, ilikuwa yake.

Sikujua la kufanya. Nikavua kofia.

"Shikamoo, mama," nikamwambia yule mtoto.

Hakuna aliyecheka. Eufelia akasogea akasimama karibu yangu, akaitazama picha, akanitazama mimi.

"Amezeeka vizuri kuliko wewe," akasema.

Yaliyofuata baada ya hapo ni haya.

Picha zote tisa zilikwenda Santa Fe zikasafishwa. Nane zimerudi kwenye misumari yake, paa limezibwa. Sharti la serikali ni mlango uwe wazi kwa kila mtu Jumamosi na Jumapili, na mgeni asilazimishwe kula kwanza. Ramoncita ameweka meza nje ya mlango. Halazimishwi mtu, lakini sijaona aliyepita bila kula.

Garduño huja kila Jumamosi. Mpaka leo hajaingia ndani kuona picha.

Abenicio alikabidhi ufunguo kwa akina Lucero, akaugua mapafu, akafariki kabla theluji haijayeyuka. Tulimzika na kofia yake.

Bi Ruybal amepanda cheo. Shangazi yake ameachika tena.

Picha ya mama ilibaki Santa Fe kwa sababu waliona ndiyo bora kuliko zote. Iko ukumbi wa mbele, mtu yeyote anaweza kuingia akamwona. Kibao chake kilikuwa kinasema tu Msichana na Ndoo, nikalalamika, sasa kinasema Senaida Archibeque. Sisi wenyewe kumwona ni mpaka gari la wazee liende mjini, nusu ya siku barabarani. Nimekwenda mara mbili. Bado anacheka.

Padre mpya amesema Mama wa Ndoo, hata akirudi, asitembezwe tena mashambani. Padre mwenyewe huja mara moja kwa mwezi.

Mimi napanga nyumba ya pili kutoka mwisho. Chakula nakula ya mwisho, na sasa nakalia kiti. Kila jioni Eufelia huniuliza ni maneno gani nilimwambia kwenye ile dansi, nami hubahatisha. Nimeshajaribu maneno mengi mazuri, mengine nimeyatunga juzi tu. Husikiliza mpaka mwisho, kisha hutikisa kichwa, huondoa sahani.

Jana Bi Ruybal alinipigia simu.

"Mzee Lino, kuna jambo hatulielewi. Alhamisi mlinzi alitoka kidogo kwenda kunywa maji. Aliporudi akakuta mama yako amegeuzwa, uso ukutani."

Nikamuuliza Eufelia, maana Alhamisi gari la wazee lilikwenda Santa Fe naye akiwemo. Akaniambia alikwenda kununua viatu.

Nimemtazama miguuni. Ni vile vile vya zamani.